Sanduku juu ya kabati



Juma hili tunaacha kidogo habari za mikopo na za likelemba. Tunataka kuzungumza juu ya kitu ambacho wengi wetu tunafikiri tunacho nyumbani, mpaka siku tunapokitafuta.

Ilikuwa jioni, kurant imekatika kama kawaida, na katika nyumba moja ya avenyu yetu hapa Bukavu sufuria ya uji ilikuwa bado juu ya mbabula. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa anatafuta kikombe chake gizani. Alishika mkono wa sufuria, na uji ukamwangukia kuanzia begani mpaka kwenye vidole. Mama yake ni mmoja wetu, wa komite hii hii inayowaandikia. Mtoto alipolia tulikimbia watu sita au saba, na kila mmoja alikuja na dawa yake. Mmoja alileta dawa ya meno. Mwingine akavunja yai. Jirani wa chini akasema apakwe unga wa muhogo ili ngozi isipasuke. Mama mmoja mzee alipaza sauti kwamba mtoto atiwe maji, lakini hakuna aliyemsikia, na tena bidoni zote zilikuwa tupu, kwa sababu siku ile bomba lilikuwa halijatoa maji tangu asubuhi.

Kwenye kabati ya nyumba ile tulikuta chupa ya Betadine iliyokauka ikawa kama gundi, vidonge vinne vya paracetamol ambavyo karatasi yake ilikwisha kufutika maandishi, na bandi moja tu, ambayo ilikuwa imefungwa kwenye mguu wa kiti kilichovunjika.

Katika kituo cha afya muuguzi alitumia muda mrefu sana kuondoa dawa ya meno na yai lililoganda juu ya kidonda. Mtoto alilia kwa kuoshwa kuliko alivyolia kwa kuungua. Alipona, asante Mungu. Ana kovu kwenye kiwiko, lakini mkono unakunjika vizuri. Muuguzi hakutugombeza sana. Alisema tu: "Mngemletea mtoto maji, hamngeniletea jikoni nzima."

Neno hilo lilitusumbua. Sisi ni wamama tunaojua kuhesabu pesa za muso, tunajua kuongoza mkutano, tunajua kumzalisha jirani usiku ikibidi. Lakini kwa mkono mmoja wa mtoto tulishindwa.

Kwenye mkutano wa Jumamosi iliyofuata tulileta shauri la kununua vifaa vya huduma ya kwanza kwa kila nyumba. Mnajua muso inavyokuwa: kuna kasha la kijani la mikopo, na kuna kasha jekundu la kusaidiana wakati wa taabu. Tuliomba fedha itoke kwenye kasha jekundu. Wengine walikataa kabisa. Walisema kasha jekundu ni la kilio na la kuzaa, si la kununua vitambaa ambavyo vitakaa bure. Mama mmoja aliuliza kama tunataka kufungua farmasi. Hatukumwona mbaya. Mtu ambaye anauza ndizi ili watoto wale jioni ana haki ya kuuliza kila franka inakwenda wapi. Tulibishana mpaka jua likashuka. Mwisho tulipatana hivi: kila nyumba itajitafutia vitu ambavyo havina bei au vina bei ndogo, na kasha jekundu litanunua kwa pamoja vile ambavyo ukinunua rejareja vinakuwa ghali, yaani kompresi, bandi, sparadra na glavu. Ukinunua boksi nzima na kugawana watu kumi na wawili, hakuna anayeumia.

Sasa sanduku lenyewe. Msisubiri sanduku lenye msalaba kama la kwenye gari. Kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko linafaa. Ndoo ndogo ya rangi iliyooshwa vizuri inafaa. Boksi ya plastiki ya kuwekea mkate inafaa zaidi, kwa sababu unaona kilichomo. Jambo la lazima ni lifunike, maji yasiingie, panya na mende wasiingie, na mtu aweze kulibeba kwa mkono mmoja huku mtoto yuko kwenye mkono mwingine. Boksi ya karatasi haifai katika mji huu wa mvua.

Mahali pa kuliweka tulipafikiria sana kuliko tulivyodhani. Jikoni hapafai, kuna joto na moshi. Juu kabisa chini ya manjanja hapafai vilevile, kwa sababu mchana pale panawaka na dawa inaharibika kabla ya tarehe yake. Chini ya kitanda ni pa watoto. Tuliona juu ya kabati ya chumbani ndiyo pazuri: pamekauka, hakuna jua, mtoto mdogo hafiki, na mtu mzima anafika gizani bila taa. Kila mtu wa nyumba aliyefikia umri wa kuelewa ajue liko pale. Tunasema kila mtu, pamoja na baba. Katika nyumba moja mama alikuwa sokoni Kadutu, baba alikuwa nyumbani na mtoto aliyejikata, na sanduku lilikuwa mita mbili kutoka kwake. Hakujua kama lipo.

Tuanze na vitu ambavyo haviuzwi farmasi. Sabuni, kipande kipya, ndani ya mfuko wake. Wengi walicheka tulipoiweka ya kwanza, lakini kidonda kingi cha nyumbani kinahitaji maji safi na sabuni kabla ya kuhitaji dawa yoyote. Uchafu ukibaki ndani, Betadine juu yake haitasaidia kitu, na pepopunda inapenda kidonda kirefu chenye udongo au kutu. Halafu kikwembe kimoja cha zamani, laini, kilichofuliwa, kikakauka juani, kikapigwa pasi na kufungwa ndani ya plastiki. Kikwembe hicho kitafunika mtu aliyeungua, kitabeba mkono uliovunjika shingoni, kitakandamiza kidonda kinachotoa damu nyingi. Mtu asikitoe humo hata kwa msiba. Weka pini nne au tano, makasi yanayokata kweli, taa ndogo ya betri, na kalamu na daftari.

Na bidoni ya lita ishirini yenye maji safi, imefungwa, isiyoguswa. Hiyo haingii ndani ya sanduku, lakini kwetu sisi ni sehemu ya sanduku. Katika mji ambao bomba linaweza kulala siku tatu, mama asiye na bidoni ya akiba hana dawa ya moto. Maji yake yanabadilishwa kila juma: ya zamani yanafulia nguo, mapya yanaingia.

Vitu vya kununua ni hivi. Kompresi zilizofungwa moja moja, kumi hivi. Bandi tatu au nne za upana tofauti. Sparadra. Glavu, angalau jozi nne. Kuhusu glavu, hapa Mashariki ya Congo hatuhitaji kuelezana kwa muda mrefu. Tuliona Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri kati ya 2018 na 2020, tukaona mpox kutoka Kamituga. Damu na majimaji ya mtu mwingine haviguswi kwa mkono mtupu, hata kama ni damu ya mtoto wa dada yako. Kama glavu zimekwisha, mifuko miwili ya plastiki safi mikononi ni bora kuliko kitu bure. Halafu Betadine, chupa ndogo. Usinunue kubwa, itazeeka ikiwa imefunguliwa. Kipima joto. Paracetamol ya watoto na ya wakubwa. Pakiti nne za SRO kwa ajili ya kuhara, na zinki.

Alkoli wengi walitaka iwemo. Tunaikubali kwa kusafisha makasi na kipima joto. Ndani ya kidonda hapana. Inaunguza nyama iliyo hai, na mtoto aliyemwagiwa alkoli mara moja atakuficha kidonda cha pili mpaka kitoe usaha.

Tulikaa muda mrefu zaidi juu ya vitu ambavyo havitakiwi kuwemo, na hapo ndipo kelele ilikuwa kubwa.

Kwanza ni mabaki ya dawa. Tulifungua kabati zetu wenyewe na kutoa vidonge vya antibiotiki vilivyobaki nusu, dawa ya malaria aliyoacha mgonjwa alipojisikia vizuri siku ya pili, matone ya macho yaliyofunguliwa mwaka jana, sirapu isiyo na jina. Kila mmoja alikuwa nayo. Kutupa dawa kunauma, kwa sababu tuliinunua kwa taabu. Lakini antibiotiki ya nusu haiponyi, inawafundisha vijidudu kuishi nayo. Dawa ya malaria ya nusu haitoshi kwa mtu yeyote. Matone ya macho yaliyofunguliwa zamani yanaingiza vijidudu ndani ya jicho. Tulizikusanya zote kwenye mfuko mmoja tukazipeleka kituo cha afya ili waziharibu, tusizitupe jalalani ambapo watoto wanaokota. Aspirini nayo si ya watoto. Ikae mbali na sanduku hili.

Pili ni jiwe jeusi. Hapa tunaandika kwa uangalifu, maana tunajua nyumba nyingi zina jiwe hilo, na wengine walilipata kwa wamisionari au kwa koko zao. Jiwe jeusi ni mfupa wa mnyama uliochomwa. Lina vitundu vidogo vidogo, ndiyo sababu ukiliweka juu ya kidonda chenye damu linanata. Watu wanaona linanata, wanasema linanyonya sumu. Halijathibitishwa kuwa linatoa sumu ya nyoka mwilini. Kwa nini basi watu wengi wamepona nalo? Kwa sababu nyoka wengi hawana sumu ya kuua, na hata mwenye sumu anaweza kuuma bila kuitoa. Huyo angepona hata bila jiwe. Lakini aliyetiwa sumu kweli, akikaa nyumbani akingoja jiwe lianguke lenyewe, anapoteza saa ambazo angekuwa njiani. Dada mmoja aliyelelewa karibu na mashamba ya Walungu alituambia jinsi ndugu yake alivyongoja hivyo usiku kucha. Hatukumwuliza zaidi.

Kwa nyoka tunashika haya: mgonjwa alale, asikimbie wala asitembee. Pete, bangili na viatu vitolewe kabla ya kuvimba. Mguu au mkono ufungwe na ubao au fimbo usitikisike, kama vile umevunjika. Hakuna kukata kwa wembe, hakuna kunyonya kwa mdomo, hakuna kufunga kamba ya kukaza. Kisha abebwe hospitali. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kati ya magonjwa yaliyosahauliwa mnamo 2017, kwa hiyo hata wakubwa wamekubali kwamba ni taabu ya watu wa mashamba, na kwamba dawa yake ni ile ya hospitali.

Turudi kwa moto, kwa sababu moto ndio uliotuleta hapa, na katika nyumba zetu za mbao zilizobanana kwenye vilima moto hautaacha kuja.

Mtoto akiungua, mwondoe kwenye moto au kwenye uji. Vua nguo na shanga zilizo karibu na mahali palipoungua, lakini nguo iliyonata kwenye ngozi iache. Halafu maji ya baridi ya kawaida, yasiyo ya barafu, yapite juu ya kidonda kwa dakika ishirini. Dakika ishirini ni ndefu. Tulijaribu kwa saa siku moja kwenye mkutano, na kila mtu alidhani zimekwisha zilipofika saba. Kwa kuwa hatuna bomba la kufungua, tunamwagia kwa kikombe polepole, beseni safi iko chini, na maji yanayokusanyika tunayachota tena. Bidoni moja inatosha. Wakati huo mwili uliobaki ufunikwe, kwa sababu mtoto mdogo anashikwa na baridi haraka. Hata kama nusu saa imepita kabla hujapata maji, mwagia. Maji yanasaidia hata saa chache baada ya kuungua. Kisha funika kwa kikwembe kile kilichopigwa pasi, au kwa plastiki safi ya kufunikia chakula, bila kukaza. Malengelenge usiyapasue. Dawa ya meno, yai, asali, mafuta ya mawese, siagi, unga, majivu, vyote vibaki jikoni. Tunajua kila kimoja kina mama anayekiapia.

Kama sehemu iliyoungua ni kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au ni usoni, mikononi, kwenye kiungo au sehemu za siri, ni kituo cha afya usiku huohuo. Na mtoto mchanga akiungua, hata kidogo, apelekwe.

Damu tutaisema kwa kifupi. Vaa glavu, weka kompresi au kitambaa safi juu ya kidonda, kandamiza kwa nguvu kwa dakika kumi bila kufunua ili uchungulie. Kila ukichungulia unaanza upya. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Damu ya puani: mtoto akae, ainame mbele, abane pua sehemu laini, dakika kumi. Wengi tulifundishwa kumwinua kichwa nyuma. Damu inaingia tumboni na anaitapika, basi. Mbwa akimng'ata mtu, osha kwa maji na sabuni dakika kumi na tano hata kama kidonda ni kidogo, na uende siku hiyohiyo kuuliza chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili, karibu kila mtu hufa.

Kuhara kunastahili nafasi, kwa sababu sisi ni watu wa ziwa. Watu wazima wanakumbuka Goma ya Julai 1994, na ndugu zetu wa Uvira na Kalemie wanajua kipindupindu kama wanavyojua mvua. Pakiti moja ya SRO inaingia katika lita moja ya maji safi, yote kwa mara moja. Tulikuta mama anatia nusu pakiti kwenye kikombe, akificha nusu kwa ajili ya kesho. Hapo chumvi inazidi au inapungua. Angalia pia chupa yako: ile kubwa ya maji ya dukani mara nyingi ni lita moja na nusu. Chukua chombo kilichopimwa, kipige alama kwa rangi ya kucha kwenye lita moja, na kikae kando ya sanduku. Maji yaliyochanganywa yanatumika kwa saa ishirini na nne, yaliyobaki yanamwagwa. Mtoto wa chini ya miaka miwili anapewa kati ya mililita 50 na 100 kila baada ya kuhara, yaani kama robo mpaka nusu ya kikombe kikubwa cha chai. Aliyezidi miaka miwili anapewa mara mbili ya hiyo. Akitapika, ngoja dakika kumi, uendelee kwa kijiko. Titi lisikatwe hata kidogo.

Kama huna pakiti na ni usiku: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Sawazisha kwa mgongo wa kisu. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto, kwa hiyo onja: isiwe na chumvi kuliko machozi. Zinki anapewa mara moja kwa siku, siku kumi mpaka kumi na nne, hata kama kuhara kumekwisha siku ya tatu: miligramu 20 kwa aliyezidi miezi sita, 10 kwa mdogo wake. Mtoto asiyeweza kunywa, mwenye macho yaliyodidimia, anayelala bila kuamka vizuri, anayehara damu au maji meupe kama ya mchele, huyo si wa sanduku tena. Mbebe, na SRO mkononi, umnyweshe njiani.

Homa nayo ina mtego wake. Paracetamol inashusha joto, mtoto anacheza, na mama anafurahi, huku malaria inaendelea ndani. Mpe, ndiyo, kwa uzito wake. Uliza kipimo kwenye kituo cha afya siku ya kupima watoto, ukiandike ndani ya mfuniko, si zaidi ya mara nne kwa siku na angalau saa nne katikati. Lakini kabla ya saa ishirini na nne kwisha awe ametobolewa kidole na kupimwa malaria.

Na petroli ya taa, au esanse ambayo watu wanaiweka kwenye chupa za soda kwa ajili ya moto. Mtoto akinywa, usimtapishe, wala usimpe maziwa au mawese ili atapike. Ikipanda inaingia kwenye mapafu, na huko ndiko inakoua. Hospitali mara moja, na chupa uibebe ili waione. Tena, wamama, tuache kuweka petroli kwenye chupa ya Fanta. Hili halihitaji kasha jekundu.

Tulinunua vitu vyetu mwanzoni mwa msimu wa mvua. Kila nyumba ikaweka sanduku juu ya kabati, tukajisifu kidogo. Miezi sita baadaye komite ilipita nyumba kwa nyumba bila kutangaza. Tulicheka ili tusilie. Katika nyumba kumi na mbili, masanduku matano tu yalikuwa kamili. Makasi yalikuwa kwa kinyozi wa jirani. Bandi ilikuwa imefungia kitabu cha shule. Sparadra ilikuwa imeziba bidoni inayovuja. Paracetamol ilikwisha kwa vichwa vya wageni, na katika nyumba moja, ya mwenyekiti wetu ambaye ametupa ruhusa tuandike, sanduku lilikuwa limejaa nyuzi za kusukia nywele.

Kwa hiyo tuliweka utaratibu, na ndio tunaowaomba vikundi vingine mwuangalie. Daftari la sanduku lina kurasa mbili. Kwenye moja kuna orodha ya vilivyomo, pamoja na tarehe ya mwisho ya kila dawa. Kwenye nyingine, anayetoa kitu anaandika: siku, kitu, nani. Asiyejua kuandika anachora mstari mbele ya picha. Binti wa mmoja wetu alituchorea picha hizo vizuri sana. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kabla ya mkutano, kila mmoja anafungua la kwake. Kila baada ya miezi mitatu tunaleta yote kwenye mkutano na kubadilishana, mimi naangalia lako, wewe unaangalia langu. Aibu kidogo mbele ya wenzako inafanya kazi kuliko hotuba ya komite.

Tarehe nazo zilitusumbua. Kwenye boksi kuna tarehe mbili. MFG, MFD au FAB ni siku iliyotengenezwa. EXP au PER ni mwisho wake. Mama mmoja alitupa dawa nzuri kwa sababu alisoma ile ya kutengenezwa. Mwingine alifanya kinyume, na hiyo ni mbaya zaidi. Ukiona EXP 06/2027, inatumika mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Wakati wa kukata vidonge, usikate sehemu yenye tarehe, anza upande mwingine. Na usome kabla ya kulipa. Katika farmasi moja, ambayo hatutaitaja, tuliuziwa zinki ambayo kibandiko cha bei kilikuwa kimewekwa sawasawa juu ya EXP. Tulikibandua nyumbani. Ilikuwa imekwisha miezi minne. Tuliirudisha watu watano pamoja, tukarudishiwa pesa bila neno. Mtu mmoja peke yake labda angeambiwa aende.

Kitu cha mwisho tulichotia ndani ya masanduku kilitoka kwa yule mama wa mtoto wa uji. Alituambia kwamba usiku ule, kuliko bandi na kuliko maji, kilichomchelewesha kilikuwa nauli. Mwenye moto alikuwepo, alikuwa tayari, lakini mama alikuwa anagonga milango akitafuta franka. Sasa ndani ya kila mfuniko kuna bahasha ya nauli ya kwenda kituo cha afya usiku, pamoja na namba za simu tatu: ya mwenye moto wa avenyu anayekubali kuamshwa, ya kituo, na ya jirani mwenye nguvu za kubeba mtu kwenye ngazi zetu mpaka barabarani, kwa sababu moto haifiki kila nyumba. Kuna usiku ambao milio inasikika na hakuna anayetoka. Usiku huo namba hazitasaidia, na itabidi tukae na mgonjwa mpaka asubuhi na vile vilivyomo ndani ya sanduku. Ndiyo sababu hatupendi kulikuta na nyuzi za nywele.

Bahasha ikitumika, inajazwa tena na kasha jekundu kwenye mkutano unaofuata, bila kuulizwa sana. Hilo lilipita kwa mikono yote kuinuliwa, hata ule wa mama aliyeuliza kama tunafungua farmasi.

Jumamosi ijayo ni zamu ya kubadilishana masanduku. Njooni nayo, na kila mmoja alete chombo chake cha lita moja tupige alama. Rangi ya kucha tunayo.